Saa ya Kuzima Ichague Wewe



Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, ilipokaribia saa nne, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Stima kupotea si habari kwa mtu wa Nairobi. Habari ilikuwa uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta: abiria wamesimama gizani na mizigo yao, wanamulikiana kwa simu, kwa sababu jenereta iliyotakiwa kubeba sehemu ya majengo yale haikuwaka. Kesho yake waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, alikuwa ameomba radhi, na mkurugenzi mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege alikuwa ameondolewa kazini. Novemba 11 giza likarudi. Desemba 10 likarudi tena.

Nchi ilijadili nani afutwe. Mimi nataka tujadili kile kisanduku kinachokaa kati ya jenereta na taa. Ndani yake mna swichi mbili kubwa, rilei kadhaa, na bodi ya elektroniki yenye kazi moja: kugundua kwamba stima ya Kenya Power imekwenda, kuamuru injini iwake, kungoja volti zitulie, kisha kuhamisha mzigo. Yote hayo yatokee kwa sekunde chache, bila mkono wa mtu. Mafundi wanakiita chenjiova. Kama una ofisi Westlands au unaishi ghorofani Kileleshwa, yaelekea kimo kwenye besimenti yako sasa hivi, na huenda hujawahi kukitia machoni.

Mtambo wowote utazima siku moja. Hilo halina mjadala. Kinachobaki ni nani atakayechagua saa: wewe, Jumapili asubuhi, fundi akiwa kando yako na kikombe cha chai, au mtambo wenyewe, Ijumaa usiku, nyanya wa watu akiwa ndani ya lifti kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Matengenezo ya kinga, kwa jinsi ninavyoyaelewa, hayana siri nyingine zaidi ya hiyo. Ukubali kuzima kidogo, kwa hiari yako, mchana.

Sasa tuuache uwanja wa ndege, uko upande mwingine wa mji. Ukipanda Waiyaki Way kutoka tao, ukapita Westlands, au ukikata kuelekea Kileleshwa na Lavington, utaona jinsi nyumba za zamani zenye bustani zilivyoachia nafasi majumba ya ghorofa kumi, kumi na tano na zaidi. Maji ya Nairobi Water huja kwa mgao, kwa hiyo kila jumba lina tangi chini na tangi juu, na pampu katikati. Wengine wamechimba kisima. Lifti ni lazima, jenereta ni lazima, na geti nalo siku hizi halisukumwi na soja bali na mota. Vinavyoendesha haya yote ni vifaa vilevile utakavyovikuta Eneo la Viwanda: kontakta, rilei, vidhibiti mwendo vya mota, bodi za elektroniki. Tofauti ni kwamba kiwandani kuna mtu anayelipwa kuvitazama. Kwenye ghorofa kuna keateka, na keateka ana kodi za kufuatilia, ana ugomvi wa maegesho wa kutuliza, na fundi anamwita kitu kikishakufa.

Twende basi tukafungue paneli moja ya pampu. Sisemi ya nani, zinafanana. Mlango ulikuwa na ufunguo, ufunguo ukapotea, sasa umefungwa kwa kipande cha waya. Kuna tundu lililotobolewa kupitishia nyaya siku pampu mpya ilipoletwa, na aliyelitoboa hakuliziba. Kwa tundu hilo limeingia vumbi jekundu la upande huu wa mji, lile lisilobagua kiatu cha Kawangware na kiatu cha Lavington. Na kwa kuwa kila barabara ina jengo linaloinuliwa, limechanganyika na la simenti. Kwa tundu hilohilo ameingia mjusi kafiri, maana anapenda joto la transfoma ndogo iliyomo. Siku moja aliweka mguu kwenye fezi hii na mkia kwenye fezi ile. Bado yuko hapo, mweusi, mkavu.

Zima stima, pima uhakikishe imekwenda kweli, kisha sukuma feni ya kupozea kwa kidole. Haizunguki. Mafuta ya beringi yalikauka zamani. Tia bisibisi kwenye skrubu inayoshika waya wa mota: itazunguka karibu nusu duara kabla ya kukaza. Hakuna aliyeilegeza. Mota inapowaka waya hupata moto na kutanuka, ikizima waya hupoa na kusinyaa, na mchezo huo ukirudiwa mara kadhaa kila siku kwa miaka, skrubu hulegea yenyewe. Kiungio kikilegea hupata moto zaidi, na moto ule hukilegeza zaidi. Tazama mpira wa waya pale unapoingia kwenye skrubu: ulikuwa mwekundu, sasa ni kahawia. Ukiiona kahawia ile, una bahati. Jambo lenyewe ni la bisibisi na dakika tano. Usipoiona, fezi moja itaachia, mota ya fezi tatu itabaki ikivuta kwa mbili, na kama rilei ya kuilinda haifanyi kazi au ilirukwa na fundi aliyekuwa na haraka, koili zitaungua na utanunua mota.

Umeona kwamba vumbi, mjusi, feni na skrubu, hakuna hata kimoja ambacho ni elektroniki. Watu wakisikia vidhibiti vya elektroniki hufikiri bodi zile za kijani ndizo dhaifu. Mwaka 1978 wahandisi wawili wa shirika la ndege la United Airlines, Stanley Nowlan na Howard Heap, waliiandikia wizara ya ulinzi ya Marekani ripoti ambayo mpaka leo inawakera wauzaji wa vipuri. Walikuta kwamba asilimia 11 tu ya vifaa vya ndege walivyochunguza ndivyo vilivyoonyesha kuchakaa kwa umri. Asilimia 89 iliyobaki, kuvibadilisha kwa kuhesabu saa hakukuleta nafuu yoyote, na vingi vilikuwa hatarini zaidi vikiwa vipya, au vikiwa vimetoka tu mikononi mwa fundi.

Kwa hiyo bodi iliyokaa miaka minane bila kulalamika usiing'oe kwa sababu kalenda imesema. Na fundi anayefika, kabla hata ya kuuliza chochote, akaanza kuchomoa kadi moja moja ili azipulize, mshike mkono. Vinavyochakaa kwa umri ndani ya paneli ni vichache na vinajulikana. Kuna feni. Kuna betri. Kuna nyuso za kontakta, ambazo hupigwa cheche kila zinapofunga na kufungua. Na kuna kapasita za elektroliti, zile kama vikopo vidogo, zenye majimaji ndani ambayo hukauka polepole. Kanuni ya mafundi kuhusu vikopo hivyo ni kali: kila joto linapoongezeka nyuzi 10, maisha yake hukatika nusu. Kilichopaswa kukaa miaka kumi kitakaa mitano. Sasa rudi kwenye ile feni iliyokwama. Bei yake ni ndogo kabisa katika paneli nzima, na ndiyo inayoamua umri wa kidhibiti mwendo ambacho kinaweza kumaliza mshahara wako wa miezi.

Tena Nairobi ina jambo lake ambalo Mombasa haina. Kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner kiko mita 1,798 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya Julai hutudanganya tukadhani vifaa vyetu vinastarehe. Joto la kidhibiti huondolewa na hewa, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Feni inazunguka vilevile, lakini inachosukuma ni kidogo. Ndiyo maana vitabu vya watengenezaji wengi wa vidhibiti mwendo husema kwamba ukivuka mita 1,000, punguza asilimia moja ya uwezo kwa kila mita 100. Hesabu ya Dagoretti Corner inakuja asilimia 8. Kifaa kilichoandikwa ampea 100, hapa ni cha 92. Ukiendelea kupanda mpaka Limuru unavuka mita 2,000, na huko watengenezaji wengi wanakutaka uwaulize kwanza, kwa sababu hewa nyepesi pia hushindwa kuzuia cheche kuruka. Ukurasa huo upo katika kitabu cha maelezo. Kitabu chenyewe, mara nyingi, kiko ndani ya mfuko wa plastiki uliotupwa sakafuni mwa paneli, na mjusi kataga juu yake.

Betri nayo inastahili muda wetu. Mitambo mingi, kuanzia ya kuoka mikate mpaka ya kujaza chupa, huendeshwa na kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, inayojulikana kwa herufi PLC. Zile za kizazi cha zamani, kama Siemens S5, ziliweza kuhifadhi programu yake katika kumbukumbu inayotegemea stima. Stima ikikatika, betri ndogo ya lithiamu hushikilia programu mpaka irudi. Betri hiyo hudumu miaka michache, kisha huwasha kitaa kidogo chekundu, na kitaa hicho watu hukizoea. Mtambo unaendelea kufanya kazi mwezi, mwaka, maana stima ipo. Halafu unakuja usiku kama ule wa Agosti. Stima ikirudi alfajiri, mtambo una kila kitu isipokuwa akili. Aliyeandika programu alihamia Dubai, na nakala hakuna aliye nayo.

Na hapa ndipo fundi mwangalifu huumia kuliko mzembe. Fundi mwangalifu akiona kile kitaa chekundu hununua betri, huja nayo, na kwa kuwa alifundishwa usalama, huzima mtambo kabla ya kuichomoa ile ya zamani. Programu inakwenda hapohapo. Betri ya namna hiyo hubadilishwa stima ikiwapo. Imeandikwa, tena, katika kitabu kilichoko sakafuni. Kabla ya yote, nakala ya programu iwe imetolewa, iwekwe mahali pawili, na angalau mtu mmoja aliyejaribu kuirudisha ashuhudie kwamba inarudi.

Mtu ataniambia, lakini sheria ipo. Kweli ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka lifti ikaguliwe kwa kina kila miezi sita na mtu aliyeidhinishwa na mkurugenzi wa idara inayosimamia usalama kazini. Ni sheria nzuri, na jengo lisiloifuata ulikimbie. Lakini mkaguzi anakuja kuuliza kama lifti itamuua mtu: kamba, breki, milango, kile kifaa kinachoikamata ikishuka kwa kasi. Hakuja kukubadilishia feni. Mwenye jumba akikuonyesha cheti ukutani na kudhani amemaliza, atakuwa amechanganya mambo mawili.

Kinachoyaua matengenezo ya kinga katika mji huu, mara nyingi, ni mazungumzo mafupi ya mwisho wa mwezi kati ya fundi na mweka hazina wa chama cha wakazi. Wote mmeyasikia.

"Mama, kuna feni mbili na kontakta moja kwa lifti, naona tubadilishe mwezi huu."

"Lakini fundi, si lifti inatembea?"

"Inatembea, Mama."

"Basi tungoje kwanza. Tumalize rangi ya ukuta wa mbele."

Simlaumu yule mama. Ameshawahi kulipia vipuri ambavyo havikuwekwa, na kontakta bandia anazijua kwa matokeo yake. Rangi ya ukuta anaiona. Kazi ya fundi wa kinga, ikienda vizuri, hakuna kinachotokea, na ni vigumu kumtoza mtu kwa kisichotokea. Hapo mzigo ni wa fundi. Alete vipuri vya zamani mezani. Achukue picha ya kamera ya joto kabla na baada: skrubu iliyolegea hung'aa katika picha ile hata kwa asiyejua volti. Aandike vipimo vya kila fezi, tarehe kwa tarehe, ili mama aone namba zikipanda. Akienda Luthuli Avenue kununua kontakta, aipime mkononi, kwa maana bandia mara nyingi ni nyepesi, shaba waliipunguza. Na arudi na risiti. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia tunayo tangu 2008, lakini sheria haipandi ngazi za River Road kila asubuhi. Fundi ndiye anayezipanda.

Shule za ufundi hatuwezi kusema hatuna. Pale Kabete, kando ya Waiyaki Way, serikali ya kikoloni ilianzisha chuo cha kufundisha ufundi mwaka 1924, na leo ni Kabete National Polytechnic. Katikati ya jiji, kwenye Haile Selassie Avenue, kuna kile kilichoanza kama Kenya Polytechnic mwaka 1961, leo Technical University of Kenya. Fundi wa Kenya akipewa kitu kilichokufa, atakifufua kwa waya wa hanga. Sifa hiyo tunayo na tunajivunia, mimi pia. Ila ningependa siku moja mtihani umpe kijana mtambo unaofanya kazi vizuri kabisa, umuulize: nini kitaanza kufa hapa, na utajuaje wiki tatu mapema?

Kuna mambo ambayo hakuna ratiba itakayoyazuia. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mashine nyingine zikaelemewa na mzigo zikajizima pia, zaidi ya megawati 180 zikatoweka, na nchi nzima ikaingia gizani. Tumbili mwenyewe alinusurika, akachukuliwa na shirika la wanyamapori. Huwezi kuandika tumbili katika kalenda ya matengenezo. Lakini unaweza kuandika siku ya kujifanya kwamba tumbili amekwishaanguka.

Hilo ndilo watu hawataki. Jenereta nyingi hapa huwashwa kila wiki: soja anabonyeza kitufe, injini inanguruma dakika kumi, moshi unatoka, soja anaandika "sawa" kwenye daftari. Kilichojaribiwa hapo ni injini tu. Chenjiova haikuguswa, mzigo haukubebwa. Zaidi ya hayo, injini ya dizeli ikiendeshwa bila mzigo mara kwa mara hupata ugonjwa: mafuta yasiyoungua vizuri hujikusanya katika ekzosi mpaka siku ya kazi inakosa pumzi. Kanuni wanayoifuata Marekani, NFPA 110, inataka jenereta za dharura zifanyiwe mazoezi kila mwezi kwa dakika 30, zikibeba si chini ya asilimia 30 ya uwezo wake, na chenjiova nayo iendeshwe. Pampu ya akiba ni hivyohivyo. Isipopewa zamu, hukwama, na siku ile ya kwanza ikifa unagundua kwamba ulikuwa na pampu moja tangu zamani.

Basi fanya hivi. Bandika notisi kwenye lifti Alhamisi. Jumapili saa nne asubuhi, soja mmoja asimame kwenye mlango wa lifti chini, kijana mmoja juu, lifti ikiwa tupu. Mwenye mgonjwa anayetumia mashine nyumbani awe ameambiwa na amejibu. Fundi ashuke besimenti, akate swichi kuu ya stima ya Kenya Power, akate kweli, na aanze kuhesabu. Injini iwake yenyewe. Taa zirudi zenyewe. Lifti ijipeleke chini na kufungua milango. Pampu ishike. Iachwe nusu saa watu wapike, wapige pasi, mzigo uwe mzigo. Kisha stima irudishwe, na fundi ahakikishe swichi ya jenereta imebaki kwenye otomatiki, kwa maana kuisahau kwenye mkono baada ya sevisi ni kosa linalojulikana na bado linarudiwa.

Katika daftari liandikwe jambo moja zaidi ya "sawa": sekunde. Mwezi uliopita taa zilirudi baada ya sekunde nane. Leo kumi na tatu, na injini ililia mara mbili kabla ya kushika. Hiyo ni betri ya kuwashia inayozeeka, na Jumatatu maduka yako wazi.